Kuwatembelea Wauro wa Ziwa Titicaca: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Mswahili anayepanga safari ya Peru huniuliza habari za watu wanaoishi juu ya visiwa vya matete, na maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Unaweza kusoma jibu lolote peke yake. Jambo lililokwisha kuelezwa sikulirudia, nimekuelekeza lilipo.

## Ya mwanzo

Wauro ni akina nani, na wanaishi wapi hasa?

Ni wenyeji wa Ziwa Titicaca, lililo mpakani mwa Peru na Bolivia, kwenye uwanda wa juu wa milima ya Andes, mita 3,812 kutoka usawa wa bahari. Wanaotembelewa sana na wageni wako upande wa Peru, katika ghuba ya Puno, mwendo wa nusu saa hivi kwa boti kutoka bandari ya mji huo. Nyumba zao ziko juu ya visiwa walivyovitengeneza wenyewe kwa totora, tete refu linaloota kwenye maji ya kina kifupi. Hesabu ya visiwa haitulii, kwa sababu vingine huundwa, vingine huungwa na vingine hugawanywa. Ni makumi kwa makumi, kila kimoja kikiwa na familia chache, na watu wote kwa pamoja wanapita elfu moja.

Wana ndugu upande wa Bolivia: Wachipaya, watu wa Iruhito kando ya mto Desaguadero, na Wamurato wa Ziwa Poopó. Poopó lilikauka mwaka 2015, na wavuvi wa Murato wakabaki na mitumbwi juu ya chumvi. Likumbuke hilo utakapofika kwenye swali la hali ya ziwa huko chini.

Kisiwa kinaeleaje bila kuzama?

Siri iko kwenye mizizi. Totora inapoota miaka na miaka mahali pamoja, mizizi yake husukana na kushikamana na udongo mweusi mpaka ikawa tabaka nene ambalo wenyewe huliita *khili*. Ndani yake mna gesi inayotokana na kuoza, ndiyo maana ni jepesi. Maji ya ziwa yanapopanda wakati wa mvua, mapande ya khili hung'oka chini na kuibuka. Wauro huyakata kwa msumeno mrefu, huyavuta kwa boti hadi wanapotaka, hupigilia vigingi kila pande na kuyafunga pamoja kwa kamba. Juu yake hutandaza totora iliyokatwa, safu moja ikienda huku, nyingine ikikatiza, mpaka miguu ipate pa kukanyaga. Kisha hutia nanga kwa miti ya mkalitusi na kamba, kisiwa kisije kikaamka asubuhi kiko kwingine.

Kazi haiishi hapo. Totora ya chini inaoza kila siku, kwa hiyo ya juu lazima iongezwe: majira ya mvua kila baada ya wiki mbili tatu, kiangazi kwa nafasi zaidi. Nyumba nazo huinuliwa ili matete mapya yapite chini yake. Mtu wa pwani anayejua adha ya kuezeka makuti ataelewa, ila sisi tukishaezeka tunapumzika miaka. Kisiwa kilichotunzwa vizuri hudumu kama miaka 30, halafu familia huanza kingine.

Totora ndiyo mafunjo yetu?

Siyo yenyewe, lakini ni wa ukoo mmoja, ule wa ndago na ukangaga. Hata habari ya kuelea si ngeni kwetu. Ziwa Victoria lina visiwa vya mafunjo na magugu vinavyong'oka na kusafiri. Aprili 2020 kimojawapo kiliziba mitambo ya umeme huko Jinja na kuiacha Uganda gizani.

Kuna uhusiano mwingine ninaoupenda. Mnorwe Thor Heyerdahl alipotaka kuvuka Atlantiki kwa chombo cha mafunjo mwaka 1969, aliwaita mafundi wa Ziwa Chad. Chombo kile hakikumaliza safari. Mwaka uliofuata aliwaita mafundi wa kabila la Waaymara kutoka Titicaca, upande wa Bolivia, na chombo chao, Ra II, kikatoka Safi huko Moroko kikafika Barbados. Ujuzi wa kufunga matete kumbe unaijua Afrika.

Wanazungumza lugha gani?

Kiaymara na Kihispania. Lugha yao ya asili, Kiuru, imetoweka katika ghuba ya Puno. Jamaa yake anayezungumzwa mpaka leo ni Kichipaya, huko Bolivia. Kiingereza utakipata kwa waongozaji wa Puno, visiwani ni kidogo sana.

## Kufika, na kuizoea hewa

Nifike vipi?

Kwa ndege kutoka Lima hadi Juliaca, kama saa moja na nusu, kisha gari kilomita 45 hivi mpaka Puno. Au kwa basi kutoka Cusco, saa sita hadi saba, ukipita La Raya palipo zaidi ya mita 4,300. Ukitokea Bolivia, njia ya kawaida ni kupitia mji wa Copacabana. Bandarini Puno utakuta boti za jumuiya zinazoondoka zikijaa, kama daladala.

Nimeshapanda Kilimanjaro mpaka Horombo. Titicaca itanisumbua?

Swali zuri, maana kipimo kinakaribiana: Horombo ni mita 3,720. Tofauti ni namna ya kufika. Horombo unaifikia siku ya pili kwa miguu, mwongozaji akikukumbusha pole pole kila kona. Juliaca unashushwa na ndege, asubuhi ulikuwa Lima kando ya bahari, na mapafu hayakuarifiwa. Hewa unayovuta pale ina oksijeni kama theluthi mbili tu ya ile ya Dar es Salaam au Mombasa.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa kukatikakatika na kuhema kwa ngazi tatu ni kawaida siku mbili za kwanza. Wenyewe huita *soroche*. Ukiweza, lala kwanza Arequipa, mita 2,335 hivi, halafu panda. Siku ya kwanza Puno usifanye kitu: kunywa maji, kula kidogo, acha pombe. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inasaidia baadhi ya watu; muulize daktari wako nyumbani kabla ya safari. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi akiwa amekaa, hiyo si soroche ya kuvumilia. Apelekwe hospitali na ateremshwe.

Nina siko seli, au nabeba chembe zake. Niende?

Mwenye ugonjwa wenyewe asipande bila daktari wake kumruhusu, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali na madhara mengine. Anayebeba tu kwa kawaida huwa salama, lakini wapo wachache ambao bandama huwaletea shida kwenye mwinuko; maumivu makali ubavuni kushoto yasipuuzwe. Nalieleza peke yake kwa kuwa tahadhari za wasafiri hazilitaji mara nyingi, na kwetu ni jambo la kila ukoo.

Jingine la kwetu: kando ya Titicaca hakuna malaria. Ukipata homa huko, mwambie daktari wazi kuwa umetoka Afrika Mashariki, apime. Hatalifikiria mwenyewe.

Chai ya koka ni halali?

Peru na Bolivia ni halali, huuzwa hotelini na sokoni, na Waandes wameitumia tangu zamani. Lakini majani hayo, hata yakiwa kwenye vifuko vya chai, ni dawa za kulevya mbele ya sheria za nchi nyingi, zetu zikiwemo. Usiyabebe kurudi nayo. Na ukiinywa, kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha kokeini siku kadhaa baadaye. Anayepimwa kazini ajiepushe. Kuna chai ya *muña*, jani lenye harufu kama mnanaa, ambayo haina matatizo hayo.

Niende mwezi gani, na nivae nini?

Mei hadi Septemba ni kiangazi: anga safi, mchana jua kali, usiku baridi ya kugandisha maji, hasa Juni na Julai. Mvua ni Desemba hadi Machi. Nguo zako za mlimani zinafaa. Jua la juu huko linachoma hata ngozi nyeusi, tena linakupiga mara mbili, kutoka angani na kutoka majini, kwa hiyo kofia, miwani na mafuta ya kuzuia jua ni vya lazima.

Nyaraka?

Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana huenda ukapita nchi zinazoidai. Habari za viza uliza ubalozi kabla ya kukata tiketi, na kama utavuka kwenda Bolivia uliza ubalozi wao pia.

## Ukiwa kisiwani

Ziara ya kawaida inakwendaje?

Boti inatia gati kwenye kisiwa ambacho ni zamu yake. Unapokewa, mnaketi duara kwenye mafungu ya totora, na mwenyekiti wa kisiwa (wao humwita rais) anaonyesha kwa khili ndogo na vijumba vidogo jinsi kisiwa kinavyojengwa. Utaonjeshwa *chullu*, shina jeupe la totora linalomenywa kama muwa, ladha yake imepoa kama tango. Kisha akina mama wanakukaribisha nyumbani na kukuonyesha vitambaa walivyotarizi. Mwisho utaulizwa kama unataka kupanda mashua ya matete, na hiyo hulipiwa kando.

Yote huchukua saa moja au mbili. Kama ndicho pekee utakachofanya, utaondoka na picha nzuri na maswali mengi. Tazama swali la kulala.

Nawaamkiaje?

Kwa Kiaymara sema *kamisaraki*, utajibiwa *waliki*. Anza na wazee. Kushukuru ni *yuspajara*. Maneno hayo matatu yanabadilisha sura ya mwenyeji. Nadhani kila mtu aliyewahi kusikia mgeni akihangaika kumwamkia bibi yake “shikamoo” anajua kwa nini.

Naweza kupiga picha?

Mandhari, ndiyo. Mtu, omba kwanza. Mtoto, omba mzazi wake. Anayepika, anayenyonyesha, anayelala, muache.

Nibebe zawadi za watoto?

Peremende na sarafu, hapana. Mtoto akizoea kupewa kwa kusimama gatini, gati litamshinda darasa. Wana shule huko huko majini. Ukitaka kusaidia, uliza shule inahitaji nini, kisha mpe mwalimu. Matunda mabichi kutoka sokoni Puno, ukimkabidhi mama mwenye nyumba, hupokelewa kwa furaha, kwa sababu juu ya matete machungwa hayaoti.

Chakula ni nini, na Mwislamu atakula?

Atakula vizuri. Samaki ndiyo mboga kuu: *karachi* na *ispi*, wenyeji wa ziwa, na trauti aliyeletwa na watu katika karne ya 20. Huja na viazi vya aina nyingi na kinoa, nafaka ndogo ya huko. Uliza tu wamekaangia mafuta gani, maana wengine hutumia ya nguruwe. Nyama iruke kama huna uhakika.

Kuhusu swala: ukiwa Puno kibla kiko mashariki, ukielekea kaskazini kidogo, yaani karibu na jua linakochomoza. Kisiwa kimetiwa nanga, kwa hiyo hakigeuki katikati ya rakaa. Maji ya udhu ni baridi kweli kweli, na mwenyeji wako atakuchemshia ukimwomba.

Na choo?

Kipo, mara nyingi kibanda kilichojitenga pembeni au kwenye kisiwa kidogo cha jirani. Uliza, usijitafutie. Ziwa hilo hilo ndilo wanalovua.

Nina mzazi mzee, au mtoto mdogo.

Kutembea kunafanana na kukanyaga godoro: mguu unazama kidogo na magoti yanafanya kazi. Mzee mwenye fimbo ataweza kwa kushikwa mkono. Kiti cha magurudumu hakisukumiki. Mtoto asiachiwe hata dakika moja, kwani kingo hazina ukuta na maji ni ya barafu. Kwenye boti wote wavae jaketi la kuokolea.

## Fedha na malazi

Fedha yangu inamfikia nani?

Hapa ndipo ningekuomba utulie. Kuna kiingilio kidogo cha jumuiya, na kuna bei ya ziara unayolipa mjini. Ukinunua ziara ya bei ya chini kabisa kwa dalali wa barabarani, sehemu kubwa hubaki bara, na familia iliyokupokea hutegemea ununue kitambaa. Ukipanda boti ya jumuiya bandarini, au ukiwasiliana moja kwa moja na familia inayolaza wageni, fedha inapita mikono michache. Beba soli, fedha ya Peru, za noti ndogo. Chenji visiwani ni shida.

Lazima ninunue kitu?

Hakuna anayekulazimisha, ila utaombwa kwa bidii, na watu wengi hulalamikia hilo. Mimi naliona hivi: umekaa nyumbani kwa mtu saa nzima, amekueleza maisha yake, na zamu yake ya wageni ni siku chache tu. Nunua kitu kimoja kutoka kwa aliyekitengeneza, au panda mashua. Bei unaweza kupatana kidogo, kwa adabu. Kupigania soli mbili kwa mtu aliyetarizi wiki nzima ni aibu.

Inawezekana kulala huko?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayoipendekeza kwa moyo wote. Familia kadhaa zina vibanda vya wageni vyenye mablanketi mazito, taa za sola na chupa ya maji moto ya kuweka miguuni. Jioni boti za watalii zikiondoka, kisiwa kinakuwa kijiji: nyavu zinatengenezwa, watoto wanafanya kazi za shule, majirani wanaitana kutoka kisiwa hadi kisiwa. Asubuhi mapema unaweza kwenda na mwenyeji kutoa nyavu au kukata totora. Ukishika upondo mwenyewe dakika kumi kwenye hewa ile, utajua chakula chao kinatoka wapi.

Usilale huko usiku wako wa kwanza wa mwinuko. Kutoka kisiwani hadi hospitali gizani si jambo jepesi.

## Maswali magumu

Si maonyesho tu haya? Nimesikia usiku wanarudi Puno.

Wengine wana nyumba bara na huenda na kurudi, hasa kwa ajili ya shule na biashara. Wengine wanalala visiwani mwaka mzima. Wimbo wa kuaga wageni ni maonyesho, ndiyo. Lakini totora inayooza haijali kama kuna mgeni; lazima ikatwe, ivutwe na kutandazwa, na migongo inayouma pamoja na baridi yabisi ya unyevu si maigizo. Ngoma ya hotelini Zanzibar haimfanyi mpigaji asiwe Mzanzibari.

Kuna wanaosema Wauro wa kweli walikwisha.

Hoja yao ni kwamba lugha ilipotea na watu wakaoana na Waaymara. Yote mawili ni kweli. Ila utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa Wauro wa Peru na Bolivia bado wana urithi unaowatofautisha na majirani zao. Maandishi nayo ni ya zamani: padri Mjesuiti José de Acosta aliandika mwaka 1590 kuhusu Wauro waliokaa juu ya totora na kuhamahama na vijiji vyao majini. Anayejiita Muro leo, ambaye jirani yake anamtambua hivyo, hahitaji cheti kutoka kwa mtalii.

Mbona wana sola na simu?

Kwa sababu wanazihitaji. Sola zilianza kuletwa miaka ya 1990, na zimepunguza mishumaa. Kijiji kilichojengwa kwa matete makavu kinauogopa moto kuliko kitu chochote. Ndiyo maana jiko hukaa juu ya mawe au udongo, na ndiyo maana hupaswi kuvuta sigara kule.

Ziwa lina hali gani?

Mbaya kuliko linavyoonekana. Majitaka ya Puno huingia ghubani, na utaona utando wa kijani karibu na bandari. Samaki aliyeitwa *umanto* ametoweka kabisa, na chura mkubwa wa Titicaca yumo hatarini. Mwaka 2023 ukame uliteremsha maji hadi karibu na rekodi ya chini; totora ilikauka na boti zikakwama kwenye tope. Kinyume chake, mafuriko ya 1986 yalivunja visiwa vingi, na familia zikavisogeza karibu na Puno. Mgeni anaweza kufanya machache: rudi na taka zako zote, plastiki hasa, na usinunue chakula kilichotengenezwa kwa chura na kuuzwa kama dawa.

Nichague Uros (visiwa vya Wauro), Taquile au Amantaní?

Taquile na Amantaní ni visiwa vya ardhi na mawe, na watu wake huzungumza Kikechua. Taquile wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, na ufumaji wao ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Amantaní ni maarufu kwa kulaza wageni. Ziara za siku mbili huunganisha vyote. Ukiwa na siku moja tu, chagua kimoja na ukae.

Kukiwa na migomo?

Mkoa wa Puno hufunga barabara unapoandamana, na wana sababu zao. Januari 2023 watu wengi waliuawa Juliaca, na uwanja wa ndege ukafungwa. Acha siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi, na usijaribu kupita kizuizi kwa nguvu.

Nataka kuleta droni, au kupiga filamu.

Matete ya ghuba yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoundwa mwaka 1978, kwa hiyo omba ruhusa kwa SERNANP, mamlaka ya hifadhi, kisha kwa mwenyekiti wa kila kisiwa. Ruhusa ya kisiwa kimoja haikupi cha jirani.

Ni kweli wakigombana hukata kisiwa?

Kweli. Ule msumeno wa kukatia khili ndio unaotumika. Familia zikishindwa kupatana baada ya vikao, mstari unachorwa, watu wawili wanashika msumeno, huku na huku, mizizi inapasuka, kamba zinafunguliwa, na upande mmoja unasukumwa kwa upondo kwenda kutia nanga mbali. Wengine huungana tena baadaye. Hapo huleta kamba na vigingi.